Jinsi ya kuunda injini ya roketi kwenye The Powder Toy bila kuilipua kila ukiwasha

Kama umewahi kuchora chemba safi ya almasi ndani ya The Powder Toy, ukaijaza gesi, ukatia moto, alafu ukabaki unaangalia kimoto kinachungulia mdomoni kama cha kibiriti huku presha imesambaa pande zote utadhani hakuna ukuta, basi karibu, mi pia nilianzia hapohapo. Wiki nzima nilikuwa naamini tatizo ni mafuta. Nikatoa gesi nikaweka baruti, nikatoa baruti nikaweka nitrogliserini, kila mara mlipuko unakuwa mkubwa zaidi na injini inabaki ileile mbovu. Kumbe mafuta hayakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kwenye ukuta.

Kwa ambaye hajawahi kuicheza, ni gemu ya bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote, unachora vitu kwa chembe na kila chembe ni pikseli moja yenye joto lake na tabia yake. Uwanja ni pikseli 612 kwa 384. Joto linaanzia digrii -273.15 mpaka 9725.85 za Selsiasi, presha inacheza kati ya -256 na 256. Sasa shika hili maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapa: chembe zinatembea pikseli kwa pikseli, lakini presha na upepo havihesabiwi hivyo, vinahesabiwa kwenye gridi ya vyumba vidogo vya pikseli 4 kwa 4. Yani kuna dunia mbili zimelaliana kwenye skrini moja, ya chembe na ya hewa, na hazioni ukuta kwa namna moja.

Na nikuambie mapema usije ukalalamika baadaye, roketi yako haitapaa. Vitu vigumu humu vimegandishwa pale ulipovichora. Wapo wanaosogeza vitu kwa pistoni na fremu lakini hiyo ni habari nyingine kabisa na ni ya polepole. Hapa tunajenga injini ya kwenye stendi ya majaribio, imefungwa, inapiga upepo na moto upande mmoja, na sisi tunataka upepo huo uwe mkali na wa kudumu. Mlipuko mmoja mkubwa hata mtoto anaweza. Injini inayowaka dakika tano bila kubadilika ndo kazi.

Haya, ukuta. Almasi, DMND, haiyeyuki wala haivunjiki, kwa hiyo kila mgeni anaikimbilia. Ila almasi inazuia chembe tu. Presha inapita ndani yake kama haipo, na chuma cha kawaida hivyohivyo, na tofali hivyohivyo (tofali lenyewe linapasuka presha ikifika 8.8). Kitu cha kuzuia presha ni titani, TTAN. Hata mstari mwembamba wa titani unafunga hewa. Kuna zile kuta maalum za gemu pia, zile za vipande vya 4 kwa 4, ile ya kawaida inazuia kila kitu na haiharibiki, lakini kujenga injini kwa hizo naona ni kama kufanya mtihani na majibu mezani, raha yote inaisha.

Kwa hiyo chora chemba yako ya kwanza kwa titani tupu. Ilaze, mdomo uangalie kulia au kushoto, usiuelekeze chini kwanza, maana ukija kujaribu mafuta ya majimaji yatachuruzika yote nje kabla hayajaungua. Ndani ipe kama 60 kwa 40 hivi. Acha nafasi kubwa mbele ya mdomo, kwa sababu hewa ikifika ukingoni mwa skrini inafifia na utajidanganya kwamba injini ni dhaifu kumbe umeibana kwenye kona.

Koo la nozeli, yani pale pembamba pa mdomo wa kutolea moto, ndo sehemu watu wengi wanakwama bila kujua kwa nini. Unakumbuka vyumba vya pikseli 4? Titani ikigusa chumba kimoja, hata kwa mstari mmoja pembeni, chumba kizima kinafungwa kwa hewa. Sasa wewe umechora koo lenye upana wa pikseli 5 na unaliona kwa macho yako liko wazi, lakini kama halijakaa sawa na gridi titani ya juu imeziba chumba cha juu, ya chini imeziba cha chini, na hewa haina pa kupita kabisa. Chembe za moto zinapita zikijivuta, upepo hamna. Bonyeza G uone mistari ya gridi, vuta kioo cha kukuzia kwa Z, alafu panga koo lianzie kwenye mstari na liishie kwenye mstari. Mi natumia 12, yani vyumba 3 kamili. Ukiweka 4 presha ya ndani inapanda haraka mno, ukiweka 24 haipandi kabisa. Baada ya koo panua taratibu mpaka 32 hivi. Lile umbo la kengele unaloliona kwenye roketi za kweli lipo kwa sababu gesi pale inavuka kasi ya sauti, hewa ya gemu hii ni nyepesi sana kimahesabu haina mambo hayo, kwa hiyo usipoteze saa nzima kuchonga mkunjo mzuri, koni iliyonyooka inatosha.

Mafuta. Anza na gesi, GAS, na usiwe na haraka ya kuondoka hapo. Moto wake unakuwa mamia ya digrii tu na titani inayeyuka kwenye 1668, kwa hiyo utakosea mara ishirini na injini itabaki nzima. Kitu cha kushangaza kwa anayejua roketi za kweli ni kwamba moto wa humu hauhitaji oksijeni. Robert Goddard alivyorusha roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji, 16 Machi 1926 kule Auburn, Massachusetts, ilibidi abebe petroli na oksijeni ya majimaji vyote viwili, na ikaruka sekunde mbili na nusu tu. Wewe humu gesi peke yake inawaka. Oksijeni utaileta baadaye kwa ajili ya kupandisha joto, siyo kwa sababu bila hiyo haiwaki.

Dizeli, DESL, ni tamu ila ina hila: presha ikizidi 5 inawaka yenyewe bila moto, na joto likipita kama 62 pia inawaka. Kuwaka kwa presha kunaendana na dizeli ya kweli, lakini maana yake chemba ikishapata presha moto unarudi nyuma kwenye mrija hadi kwenye tangi. Nitrogliserini inawaka yenyewe kwenye presha ya 3, sasa hesabu mwenyewe injini gani itakaa chini ya 3. Mi niliiacha. Baruti nzuri kwa kutest kama ukuta unavuja, siyo kwa kuendesha.

Ya kulisha ni PCLN, kile kinachotengeneza nakala za kitu ulichokigusisha mara ya kwanza. Chora kamstari ka PCLN nyuma ya chemba katikati ya ukuta, chukua GAS upake juu yake mara moja, basi imeshajua inatoa nini. Cheche ya umeme kutoka kwenye waya wa PSCN inaiwasha na inabaki imewaka, cheche kutoka NSCN inaizima (hizi ni silikoni za aina mbili, P na N). Usitumie CLNE ya kawaida, hiyo haizimiki, ukishakosea hata kwenda kupumzika huwezi.

Hapa ndo nilipoteza jioni nzima nyingine. Nilivuta waya wa PSCN upande wa juu, NSCN upande wa chini, vyote vinapita kwenye tundu la ukuta wa titani kufikia PCLN. Nagusa cheche, gesi inatoka kidogo, pfff, inakata. Nagusa tena, inatoka, inakata. Nikafuta nikachora upya, vilevile. Mwishowe nikasimamisha gemu kwa spesi nikawa naenda fremu moja moja kwa kubonyeza F, ndo nikaiona ile cheche ya njano inatoka kwenye PSCN, inaingia kwenye titani, inazunguka mwili mzima wa injini, inatokea chini kwenye NSCN na kuzima kila kitu. Titani inapitisha umeme! Chemba yangu yote ilikuwa waya. Dawa yake ni kuvalisha kila waya INSL, kihami, pale unapopita karibu na titani, na karibu maana yake siyo kugusana tu, cheche inaruka hadi pikseli 2. INSL ikiwa katikati hairuki. Ila INSL inaungua, kwa hiyo ibaki upande wa nje tu isione moto.

Kuwasha kuna utaratibu. Moto kwanza, mafuta baadaye. Ukifungulia gesi kwanza ikajaa chemba alafu ndo unatia moto, yote inashika kwa wakati mmoja na unapata kishindo cha presha badala ya mwako. Weka kamoto kadogo karibu na PCLN, washa, tazama. Kwenye injini za kweli pia mafuta yakitangulia kujaa kabla ya kuwaka ni hatari hivyohivyo, kwa hiyo hii siyo tabia ya gemu tu. Ukiona umeharibu, alama ya = inafuta presha yote uwanjani na Ctrl na Z inarudisha nyuma. Kabla ya kila jaribio mi nachukua stempu ya injini, yani nakala ya kubandika, kwa S, ikilipuka nabandika nyingine.

Sasa injini imewaka na baada ya muda inaanza kukohoa. Moto unazima nusu, unarudi, unazima. Tazama kwa makini ndani ya chemba utaona kitu kama matone. Hiyo ni gesi imegeuka mafuta ya maji, maana GAS ikifika presha ya 6 inashikana kuwa OIL, na OIL ikipata joto la 60 inarudi kuwa gesi. Kwa hiyo presha inapanda, gesi inakuwa maji, mwako unapungua, presha inashuka, maji yanachemka, gesi inalipuka, presha inapanda tena. Ni mdundo kabisa, unaweza kuuhesabu.

Kuna namna mbili za kukabiliana nao. Ya kwanza panua koo, ongeza chumba kimoja uende 16, presha ikae kwenye 4 au 5. Ya pili punguza PCLN, na hii watu hawaipendi lakini ndo inayofanya kazi zaidi, kwangu PCLN 6 zilitoa upepo uliotulia kuliko 20. Mdundo wa namna hii uliwatesa hata wenye pesa: zile injini za F-1, 5 chini ya roketi ya Saturn V, mwako wake ulikuwa unayumba mpaka unararua injini, na wahandisi ikabidi walipue mabomu madogo ndani ya chemba makusudi wakati inawaka, waone kama mtikisiko unatulia wenyewe, huku wakibadilisha vizuizi kwenye sahani ya kunyunyizia mafuta mpaka ikatulia. Na wewe unaweza kutest hivyohivyo, injini ikiwa inawaka vizuri dondosha chembe tatu nne za baruti ndani. Ikirudi kwenye hali yake ndani ya sekunde chache umejenga vizuri. Ikianza kukohoa na haiachi, rudi kwenye koo.

Ukitaka kuilinda ijizime, kuna PSNS, sensa ya presha. Inatoa cheche presha ya karibu yake ikizidi joto lake, yani ukiipa joto la digrii 8 itapiga presha ikivuka 8. Iguse na NSCN inayoenda kwenye PCLN, basi ikizidi inazima mafuta. Kosa la kawaida ni kuacha betri imeunganishwa kwenye PSCN, betri inawasha kila mara na sensa inazima kila mara, zinagombana na injini inatetemeka. Washa kwa cheche moja ya mkono, betri toa.

Sasa kwa walioshiba gesi. Haidrojeni, HYGN, moto wake unapita digrii 2000 na ukichanganya na oksijeni unapita 3000, na moto wa humu ukivuka 2500 unageuka plazma. Titani yako ya 1668 inakuwa uji. Hapa ndo unaona mtego ulivyo mtamu: kinachozuia presha kinayeyuka, na kisichoyeyuka hakizuii presha. Tungsteni je? Inavumilia mpaka 3422 lakini presha ikibadilika ghafla inapasuka vipande, na injini ni kitu cha kubadilisha presha ghafla. Nilijaribu, ilidumu kama kupiga chafya.

Jibu ni kutumia zile dunia mbili. Ndani weka almasi unene wa pikseli 2, alafu acha nafasi tupu ya pikseli 2, alafu titani unene wa 4 iliyokaa sawa na gridi. Joto la humu linapita kwa chembe zinazogusana tu (hakikisha joto la hewa umelizima, ni U), kwa hiyo ile nafasi tupu ni kizuizi cha joto kuliko kitu chochote unachoweza kununua. Almasi inabeba moto, presha inapita almasi na uwazi kama hazipo na kugonga titani ambayo imekaa pale baridi kabisa, digrii 22. Ukuta wote ni pikseli 8, vyumba viwili kamili. Ila hesabu koo upya, sasa chembe zinaona upana wa 12 lakini hewa inaona 20, kwa hiyo presha itakuwa chini kuliko ulivyozoea. Mwisho wa nozeli usiunganishe almasi na titani, ukiziunganisha tu joto limepata daraja. Refusha almasi itokeze nje kama pikseli 10 kuliko titani, moto ukishatoka kwa kasi hauna hamu ya kurudi kwenye upenyo.

Jaribio langu la kwanza la haidrojeni ukuta ulikaa vizuri sana, nikafurahi, nikaenda kuizima. Nagusa NSCN, kimya. Nagusa tena. Nakuza kwa Z naona waya haupo, umekuwa lava. Hizi silikoni zinayeyuka kwenye 1414 na PCLN inapitisha joto la chemba moja kwa moja kwenye waya, na PCLN ikishawashwa haihitaji waya tena kuendelea. Nilikuwa na injini isiyozimika. Tangu siku hiyo kila mahali waya unapogusa PCLN nazungushia kikasha kidogo chenye CLNE ya LN2, nitrojeni ya maji, ambayo ikipata joto inapotea tu haiachi gesi wala presha. Usiweke oksijeni ya maji pale kwa kisingizio kwamba nayo ni baridi, ni baridi kweli, inachemka kwenye -183, lakini ikichemka umeweka oksijeni karibu na moto kwenye nyaya zako.

Oksijeni ya maji ina kazi yake nzuri zaidi. Pitisha mfereji wa LOXY, ndo jina lake humu, nyuma ya kipande cha ukuta wa chuma kinachopata joto sana, mwisho wa mfereji ufungukie ndani ya chemba. Inapoza ukuta, inachemka, inaingia kuungua. Injini za kweli zinafanya karibu hivyo, wanapitisha mafuta baridi kwenye vijimrija vya ukuta wa nozeli kabla ya kuyachoma. Kwangu haijawahi kutulia zaidi ya dakika mbili, LOXY ikichemka mapema ndani ya mfereji oksijeni inasukuma pande zote mbili, lakini ni kitu kizuri kutazama kwenye mwonekano wa joto.

Angalizo moja kwa wapenda presha. Haidrojeni ikiwa juu ya digrii 2000 na presha ikapita 50 haiungui tena, viini vyake vinaungana (fusion), unaanza kuona nyutroni na gesi adimu na namba zinakimbilia 256. Siyo injini tena hiyo. Ukiona kielekezi kinasoma 40 kwenye chemba ya haidrojeni simamisha.

Kuhusu kupima, gemu haikupi namba ya msukumo, kwa hiyo tengeneza yako. Mi nachora rundo la SAND lenye upana na urefu uleule kila mara, pikseli 100 kutoka mdomoni, nawasha, nahesabu fremu 300, naangalia punje ya mbali imefika wapi. Usitumie DUST, vumbi, inashika moto na utapima moto badala ya upepo. Weka pia kielekezi katikati ya koo usome presha na joto pale juu pembeni, mwonekano wa presha uwe wazi, 2 kwenye kibodi, uone mkia wa rangi ulivyonyooka. Mkia ukipinda juu au chini ujue upande mmoja wa koo umekula chumba cha gridi, rudi na Z uhesabu pikseli.